Mtoto mwenye kisukari: Namba ya kipimo isigeuzwe kesi

Safu hii imezoea kuzungumzia maji ya kunywa, minyoo na homa za matumbo. Leo tunaingia katika jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni huzuni, hasira na woga wa anayeishi na kisukari aina ya kwanza, hasa akiwa mtoto au kijana. Naanza na msimamo wangu ili msomaji anipime: katika nyumba zetu nyingi, kinachomchosha mtoto huyu kuliko sindano ni lawama.

Kwanza tutofautishe. Wengi wetu tukisikia kisukari tunamkumbuka mzee mnene mwenye shinikizo la damu, aliyekatazwa chai ya sukari. Hiyo mara nyingi ni aina ya pili. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili wenyewe hugeuka na kuziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango wa kutoka kwenye damu na kuingia mwilini. Isipokuwepo, sukari hujaa kwenye damu huku mwili ukiwa na njaa. Maradhi haya huanza zaidi utotoni na ujanani. Hayaletwi na peremende, wala soda, wala mama kula tende akiwa mjamzito, na hayaambukizi.

Dalili zake tuzijue: mtoto anakunywa maji hamalizi kiu, anakojoa kila mara, aliyekwishaacha kukojoa kitandani anaanza tena, na anakonda ilhali anakula. Akicheleweshwa anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu. Wapo wanaotibiwa malaria siku kadhaa hadi wanazimia. Zamani safari iliishia hapo. Ilikuwa Januari 1922, huko Toronto, Kanada, ndipo Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipokuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa sindano ya insulini. Aliishi miaka 13 zaidi.

Dawa ipo basi, lakini ni dawa isiyo na likizo. Sindano mara mbili, nne au zaidi kwa siku, kutoboa kidole, kupima kiasi cha chakula kabla ya kula, kuamshwa usiku. Siku ya Idi ni hivyo hivyo. Mtu mzima tu akipewa kazi hiyo mwezi mmoja atalalamika, sasa fikiria mtoto wa miaka 10. Wataalamu wanauhesabu uchovu huu kama jambo la kuangaliwa peke yake, tofauti na sonona ingawa vinaweza kukutana. Sisi tunaweza kuuita msongo wa kisukari. Mtoto anakuwa mkimya au mkali, anachelewesha sindano, anasema amepima kumbe hajapima. Nyumbani anaitwa mkaidi.

Tazama lawama inavyofanya kazi. Binti wa miaka 13 anapima asubuhi, mashine inasoma 17. Kabla hajaweka chini mashine, baba ameshauliza: "Umekula nini?" Shangazi naye anatoka jikoni: "Nilimwona na kaimati jana." Pengine alikula kweli, pengine hakula. Sukari hupanda kwa mafua, kwa homa, kwa hofu ya mtihani, kwa hedhi na kwa balehe yenyewe. Hupanda kwa kuchoma sindano sehemu ile ile kila siku mpaka ngozi ikawa ngumu, au kwa insulini iliyoharibika kwa kuachwa dirishani juani au kuganda kwenye friji. Lakini yule binti amekwishajifunza kwamba mashine ni shahidi anayemshtaki. Kesho hatapima, au ataandika kwenye daftari namba za kumfurahisha baba. Siku ya kliniki daktari atapanga dozi kwa namba hizo za uongo. Hapo ndipo lawama, hata ikitoka kwenye mapenzi, inapogeuka kuwa hatari ya maisha.

Mzazi anayetaka kusaidia abadilishe swali. Badala ya "umekula nini", aulize "sasa tufanye nini?" Namba iwe habari tu, kama mtu anavyotoka nje Juni kuangalia kama Meru imefunikwa na mawingu ili ajue avae sweta.

Jambo la pili ni usiri. Zipo familia zinazoficha, hasa mtoto akiwa wa kike, kwa kuhofia kwamba siku ya posa watu watasema. Mtoto anaonywa asimwambie mtu, na anajidunga sindano chooni shuleni, mahali pachafu kuliko pote alipoweza kuchagua. (Na sindano zilizotumika zisitupwe jalalani watoto wa jirani wakazikanyaga, ziwekwe kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, kisha zirudishwe hospitali.) Anayeambiwa afiche maradhi yake anaelewa kwamba maradhi yake ni aibu. Mzigo huo ni mzito kuliko sindano.

Tena usiri unaua. Insulini ikizidi, au mtoto akichelewa kula au akicheza mpira sana, sukari hushuka. Anatetemeka, anatoka jasho hata katika baridi ya Arusha, anaropoka, anakuwa mkorofi ghafla, mwishowe anaanguka. Asiyejua atasema ni jini, na pale madrasa wataanza kumsomea. Sina ugomvi na kisomo. Ninachosema ni kwamba sukari itangulie: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia asitiwe kitu mdomoni asije akapaliwa. Alazwe ubavu akimbizwe hospitali. Ustadh, mwalimu wa darasa na rafiki anayekaa naye dawati moja wote walijue hili. Watajuaje kama mlimwambia afiche?

La tatu ni tamaa ya kupona. Wakazi wa Arusha hatujasahau mwaka 2011, magari yakipita mjini usiku na mchana kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyotajwa kuwa yanapona pale. Walikwenda watu wa kila dini. Mzee yule alifariki mwaka 2021 na simsemi kwa ubaya. Nawaza wale waliokwenda, maana wengi hawakupelekwa na ujinga bali na kuchoka, na hakuna anayechoka kama mama mwenye mtoto wa kisukari. Lakini kwa aina ya kwanza, kuacha insulini ni kuomba kifo ndani ya siku au wiki chache.

Upo mtego mwingine hapa ambao wazazi hawaambiwi mapema. Wiki au miezi ya mwanzo baada ya kuanza insulini, kongosho kwa baadhi ya watoto hupata nguvu kidogo na dozi hupungua sana. Wataalamu hukiita kipindi hicho fungate. Familia iliyokuwa ikitumia mizizi fulani itaapa kwamba ni mizizi iliyoponya. Kisha fungate linaisha, sukari inapanda, na huzuni ya nyumba inakuwa kubwa kuliko ya siku ya kwanza. Tena mtoto analaumiwa kwamba ameharibu dawa.

Sasa Ramadhani, ambayo kwa kijana wa Kiislamu ndiyo mtihani mkubwa wa moyo. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 kwa zaidi ya Waislamu 12,000 wenye kisukari ulionesha kwamba takriban 43 kwa kila 100 wa aina ya kwanza walifunga angalau siku 15, na matukio ya sukari kushuka vibaya kwao yaliongezeka karibu mara 5 kuliko miezi mingine. Miongozo ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari inawaweka wengi wao katika kundi la hatari kubwa. Na ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, hatukuibuni hospitalini.

Kwa nini basi kijana anafunga kwa siri? Kwa sababu wenzake wa miaka 12 wanajisifu wamefikisha mwezi, na yeye anapewa chakula nyuma ya pazia kama mwizi. Mpeni kazi inayoonekana: awe mwamshaji wa daku, apeleke futari kwa majirani, na kama kwa hali yake inatolewa fidya, aifikishe kwa mkono wake. Mtu mzima anayeona ataweza kufunga aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apime mchana (kutoboa kidole hakufunguzi, kwa kauli ya wanazuoni wengi), na sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6 afungue papo hapo, hata kama imebaki robo saa adhana iliye.

Kuna maneno tunayowaambia watoto hawa kwa nia njema nayo yanawaumiza. "Subiri, ni mtihani, usilie." Subira haikukataza machozi. Nabii Yaaqub (a.s.) alilia kwa kumkosa Yusuf mpaka macho yakapofuka, na hakuna aliyesema imani yake ni dhaifu. Mtoto akisema amechoka na sindano, aachwe aseme, akumbatiwe, kisha sindano ichomwe. Akikaa wiki mbili hana raha, halali, hataki kula, au anasema heri afe, hayo si ya kumalizwa na nasaha za sebuleni; apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mama naye? Anaamka saa nane usiku kupima, alfajiri yuko jikoni, mchana yuko sokoni Kilombero na simu mkononi akingoja kuitwa shule. Naona haya kusema, lakini akina baba wengi tunajua bei ya insulini na hatujui kuichoma. Baba ajifunze. Kaka na dada wajifunze, nao waulizwe hali zao, kwani mtoto mzima katika nyumba ya mgonjwa husahauliwa.

Tuwape watoto hawa na habari njema. Wasim Akram wa Pakistan aligundulika na kisukari mwaka 1997 akiwa kileleni katika kriketi. Akaendelea, na mwaka 2003 akawa wa kwanza duniani kufikisha wiketi 500 katika mechi za kimataifa za siku moja. Wapenda mpira wamwangalie Nacho Fernández, aliyegunduliwa akiwa na miaka 12, akachukua Ligi ya Mabingwa mara 6 na Real Madrid, ya mwisho mwaka 2024 akiwa nahodha.

Kuhusu gharama, Chama cha Kisukari Tanzania kwa kushirikiana na miradi kama Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, na Life for a Child kimewasaidia watoto wengi kupata insulini na vipimo bila malipo. Mzazi wa Usa River, Tengeru au Ngaramtoni aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, aulize kuhusu huduma ya watoto wenye kisukari. Na siku hiyo ya kliniki asikimbilie kuondoka akishapewa dawa. Amwache kijana wake akae kwenye benchi na wenzake waulizane wanachomea wapi, nani aliwahi kuanguka darasani, na mama wa nani anapiga kelele zaidi.