Gitaa la Misiani na Haki ya Wapigaji

Wapenzi wa muziki wa benga huko Ogembo na pande zote za Gucha hawana haja ya kuelezwa D.O. Misiani alikuwa nani. Mto Gucha unaopita hapo huteremka hadi Uluoni, ambako huitwa Kuja, ukamwaga maji yake katika Ziwa Victoria, si mbali sana na Shirati, Tanzania, alikozaliwa Daniel Owino Misiani mwaka 1940.

Wazazi wake walikuwa watu wa dini wasiopendezwa na gitaa. Kijana akavuka kuja Kenya, na baadaye akaongoza Shirati Jazz. Vidole vyake vilinena kama nyatiti, gitaa la solo likikimbizana na besi. Abagusii, wenye obokano yao ya nyuzi nane, hawakuuona ugeni muziki huo, na Christopher Monyoncho akaupiga kwa Ekegusii hadi ukawa wa nyumbani. Misiani alifumba siasa katika hadithi, na mafumbo hayo yalimtia mbaroni zaidi ya mara moja. Alifariki katika ajali ya barabarani huko Kisumu, Mei 2006.

Nyimbo zake zingali zinapigwa. Je, fedha ni za nani?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yatenga mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Utunzi, yaani maneno na tuni, hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Kwa Misiani, ni hadi mwisho wa 2056. Lakini sauti iliyonaswa studioni hulindwa miaka 50 tu tangu mwaka iliponaswa. Rekodi ya 1974, basi, ilitoka katika ulinzi huo mwisho wa 2024. Kwa hiyo anayedai kwamba santuri kuukuu ni mali ya kila mtu anasema nusu ya kweli: utunzi uliomo ungali na mwenyewe, labda uwe uliuzwa kwa mkataba. (Na siku zile wengi walitia sahihi bila kusoma.)

Aliyeonewa zaidi, kwa maoni yetu, ni yule mpigaji wa besi ambaye jina lake halikuandikwa kwenye santuri. Haki yake ya upigaji nayo hufika kikomo baada ya miaka hiyo 50. Alinaswa akiwa na miaka 22; leo ana zaidi ya 70, yu hai, anajisikia redioni, na sheria haimdai mtu yeyote kumlipa hata senti.