Ajali Ina Kinga: Kauli Kuhusu Njia za Baiskeli Fort Ternan

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii huwaliwaza wafiwa, wala si vyema kuwapokonya liwazo hilo. Hata hivyo, ikivuka matanga na kuingia katika ofisi za wahandisi, hugeuka kisingizio. Kwa maoni yangu, ajali nyingi za waendesha baiskeli zina kinga, nayo ni njia yao wenyewe, iliyotengwa na magari kwa ukingo wa zege wala si kwa mstari wa rangi.

Mnamo tarehe 30 Juni 2023, lori liliwaua watu zaidi ya 50 katika Njia Panda ya Londiani, Kaunti ya Kericho. Ni kweli kwamba ukingo mfupi haungelizuia lori lile. Lakini msiba huo ulidhihirisha kuwa kando ya barabara zetu ni soko, kituo cha abiria na njia ya baiskeli kwa wakati mmoja.

Katika kaunti iyo hiyo upo mji mdogo wa Fort Ternan. Barabara itokayo Londiani hushuka hapo kutoka nyanda za juu, kisha ikaelekea Muhoroni kwenye mashamba ya miwa. Mteremko huo una maana kubwa kwa msanifu. Apandaye mlima kwa baiskeli huenda polepole na huyumba; hivyo basi, upande wa kupandia ndio unaostahili kutengwa kwanza, tena kwa upana wa kutosha. Ateremkaye naye huhitaji lami isiyo na mashimo na mtaro uliofunikwa. Fauka ya hayo, magari sharti yapunguziwe kasi kabla ya kufika madukani, maana mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya mgongano huongezeka mara 4.

Wapo watakaodai kwamba hayo ni anasa ya Ulaya. Ikumbukwe kuwa nchini Uholanzi, mwaka 1971 pekee, watu zaidi ya 3,000 walifia barabarani, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wananchi waliandamana, na hatimaye usanifu wa barabara ukabadilika. Usalama huo ulidaiwa, haukurithiwa.

Je, haya yatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Katiba ya Kenya ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo, michoro na ripoti za barabara aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mwenye mtungi wa maziwa kwenye baiskeli atalidaije jambo asilosomewa? Ni wajibu wetu kuzifasiri ripoti hizo na kusanifu istilahi zake, ili mwananchi aweze kuuliza, kabla lami haijamwagwa: njia yangu iko wapi?