Nyama ya Matanga na Haki ya Mnyama

Tangu mwaka 1906, Arthur Carscallen na Peter Nyambo walipoanzisha misheni ya Waadventista Wasabato huko Gendia, karibu na Kendu Bay katika kaunti ya sasa ya Homa Bay, mafundisho ya kanisa hilo yamewazoesha waumini wengi, hadi Kamagambo huko Migori, kuepuka nguruwe na kambare, yaani samaki asiye na magamba, na kupendelea mboga kuliko nyama. Hoja yao kuu ni afya ya mwili, unaohesabiwa kuwa hekalu la Mungu. Lakini ipo hoja nyingine yenye uzito zaidi, nayo ni maumivu ya mnyama mwenyewe.

Mbuzi anayefungwa miguu na kulazwa nyuma ya bodaboda, kichwa kikining'inia hadi sokoni, huteseka kabla kisu hakijamfikia, ingawa Sura ya 360 ya sheria za Kenya inakataza ukatili huo.

Hata hivyo, familia ya mvuvi inayoishi kwa omena, yaani dagaa, haistahili lawama yoyote. Linaloumiza ni matanga, ambapo wafiwa hukopa ili wachinje ng'ombe kwa ajili ya umati, ilhali osuga, yaani mnavu, na dek, yaani mgagani, mboga zinazotiwa maziwa hadi uchungu upungue, zingeweza kuwashibisha waombolezaji kwa heshima ileile. Wazee wa koo na viongozi wa makanisa wanaweza kukubaliana kwamba mjane asidaiwe hata ng'ombe mmoja wa kuchinjwa matangani.