Mheshimiwa Mhandisi, hatuna pa kushukia

Mheshimiwa Mhandisi,

Kabla ya barua hii nilileta nyingine ya kawaida, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, na haijajibiwa. Ndiyo maana hii naiandika mbele ya watu.

Barabara ninayoisema unaijua. Mkandarasi ametandaza lami mpya katika njia za magari, akaacha mabega ya barabara yalivyokuwa. Ukingo wa lami sasa ni ukuta. Niliupima kwa rula ya darasani pale nilipoangukia: sentimita 9, umekatwa wima. Mwenye gari anapita bila kuuona. Mwenye baiskeli haoni kitu kingine.

Niruhusu nikueleze kinachotokea pale, maana naamini aliyeikagua kazi ile aliikagua akiwa ndani ya gari. Basi linakuja nyuma, linapiga honi, linataka nipishe. Nikiwa katika mwendo wa kilomita 25 kwa saa, nashuka ukuta ule kwa tairi lenye upana wa milimita 28. Ukibahatika, tyubu inabanwa kati ya rimu na ukingo, inatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba, na umepata pancha tu. Usipobahatika, rimu inapinda.

Kurudi juu ni kubaya zaidi. Baiskeli haianguki kwa sababu usukani huwa unageuzwa kidogo kidogo kufuata upande inakoinamia. Gurudumu la mbele likishaegemea ukuta ule haligeuki tena. Linasugua lami, mwili unainama, na kwa kuwa nchini mwetu tunapita kushoto, unaangukia kulia. Huangukii majanini. Unaangukia barabarani, mbele ya magari.

Ndivyo nilivyoanguka mimi. Nililipisha basi, nikashuka, nikakuta mbele yangu rundo la kokoto ambalo mkandarasi hakuliondoa, ikabidi nirudi juu. Lori lililokuwa nyuma lilifunga breki mpaka matairi yakalia, na dereva wake ndiye aliyeshuka akanivuta pembeni. Simjui jina, namshukuru hapa. Foki ya baiskeli imepasuka na fundi amesema haitengenezeki. Mtulinga wangu wa kulia umevunjika. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mkono huo ndio ninaoandikia ubaoni. Kidato cha nne, katika mwaka wao wa mtihani, wanaandikiwa hesabu ubaoni na mwanafunzi mwenzao huku mimi nikisimama pembeni na mkono kifuani.

Silalamikii pancha, Mheshimiwa. Kila anayekwenda masafa marefu hubeba tyubu, viraka, solusheni na pampu, kwa sababu mabega ya barabara zetu yamejaa vijiwaya vinavyotoka katika matairi ya malori yaliyopasuka. Kijiwaya chembamba kama unywele kinapenya tairi, nawe unakaa chini ya mwembe ukipapasa ndani kwa kidole mpaka ukipate, kwani ukibandika kiraka bila kukitoa, tyubu itatoboka tena mbele kidogo. Hayo tumeyazoea. Wala silalamikii jua, kilima au upepo wa mbele. Hayo tuliyafuata wenyewe. Daktari aliponiambia presha yangu imepanda, alinipa dawa, akanitaka pia niushughulishe mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi nilizipata barabarani na kuzidi. Safari za Jumamosi alfajiri pamoja na wenzangu, ndizi na kashata mfukoni, zilinirudishia usingizi na pumzi nilizodhani zimekwenda na ujana. Sasa nimekaa, na presha imeanza kupanda tena.

Lakini mimi nilikuwa na hiari ya kubaki nyumbani. Muuza maziwa aliyefunga madumu pande zote mbili hana hiari hiyo, na basi likipiga honi nyuma yake hana pa kushukia. Mwenye magunia ya mkaa kwenye keria hana pa kushukia. Binti wa shule aliyempakia mdogo wake hana pa kushukia. Afisa mmoja ofisini kwako alinieleza kwa upole kwamba mabega yamepangwa katika awamu ijayo, fedha zikipatikana, na hadi wakati huo tuwe waangalifu. Nimeutafakari ushauri huo kitandani nikiwa na maumivu. Niwe mwangalifu kwa kufanya nini? Nikibaki juu, basi litanigonga. Nikishuka, ukuta utaniangusha. Hatuna pa kushukia, na uangalifu hauwezi kutujengea.

Ujuzi tunao. Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam ilijengewa njia za baiskeli pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Huko Marekani, wahandisi hufunga kifaa cha chuma kwenye mashine ya kutandaza lami, na ukingo unatoka na mteremko wa nyuzi 30 badala ya kukatwa wima. Gurudumu linashuka na kupanda bila kukwama. Hata bila kifaa hicho, changarawe ikijazwa mpaka usawa wa lami na kushindiliwa vizuri inaokoa watu.

Tatizo ni nani anayehesabiwa. Barabara zetu zinapozinduliwa tunatajiwa kilomita za lami na upana wa njia za magari. Sijasikia hotuba hata moja iliyotaja atakapopita mtu wa baiskeli, na mimi nimesimama juani katika hotuba nyingi pamoja na wanafunzi wangu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Vijana wa kundi letu walitazama wanaume wakishindana kilomita 267.5 katika vilima vya mji ule, wakatoka pale wanataka mazoezi kila asubuhi. Mimi, niliyewafundisha kubadili gia na kupokezana kukata upepo, nimewakataza kutia gurudumu katika barabara yako. Sijui kama unaelewa uchungu wa kuwaambia vijana maneno hayo.

Mkandarasi bado yuko kazini. Mashine yake imeegeshwa karibu na daraja, na kipande cha kuelekea mnadani hakijatandazwa. Agiza kipande hicho kitoke na ukingo wa mteremko. Kokoto ziondolewe wiki hii, si awamu ijayo. Sehemu iliyokwisha ijazwe changarawe na kushindiliwa kabla ya mvua za vuli, kwa sababu maji yakianza kuchimba bega, sentimita 9 zitakuwa 15. Na usisaini malipo yake ya mwisho kabla hujaipita kazi hiyo wewe mwenyewe juu ya baiskeli, saa ambayo mabasi ya mikoani yanapita. Baiskeli nitakutafutia, na mmoja wetu atakuongoza mbele.

Wako,
Mwalimu, mwendesha baiskeli