Mgonjwa Mmoja, Blanketi Moja

Tarehe 25 Julai 2024 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza kwamba maradhi ya mpox, ambayo wengi huyaita ndui ya nyani, yamekwisha kuingia nchini. Wiki tatu hazikutimia, Shirika la Afya Duniani likayataja kuwa dharura ya kimataifa; na dharura hiyo ikafutwa tarehe 5 Septemba 2025. Lakini virusi havisomi matangazo ya Geneva. Mahali vinapopigwa vita kwelikweli ni ndani ya nyumba, na huko ndiko tulikotazama kidogo.

Agizo la madaktari lafahamika: mgonjwa alale peke yake, asishirikiane na wenzake nguo, taulo wala matandiko, mpaka vigaga vyote vidondoke na ngozi mpya iote. Hayo huchukua wiki mbili hadi nne. Ni agizo sahihi. Basi lipandishe agizo hilo kwenye vilima vya Bugendana, mkoani Gitega, katika nyumba ya mkulima ambamo watoto watatu au wanne hulala chini ya blanketi moja, na usiku wa nyanda za juu ni baridi. Kumtenga mtoto mgonjwa ni kumnyima joto. Mama gani atakubali? Haishangazi kwamba watoto walikuwa sehemu kubwa ya waliougua nchini.

Burundi ilikwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1997 homa ya chawa, iliyoitwa sutama, iliwakumba maelfu kwa maelfu ya wananchi waliosongamana kambini kwa sababu ya vita vilivyoanza mwaka 1993. Dozi moja ya doksisaiklini ilitosha kumponya mtu. Chawa, hata hivyo, walibaki katika pindo za nguo, na asiyekuwa na nguo ya kubadili hawezi kuichemsha ile aliyoivaa.

Yuko pia mwuguzaji. Kwa desturi kazi hiyo humwangukia mama, hata akiwa mjamzito, ilhali mpox yaweza kuharibu mimba. Chanjo ya ndui ilikomeshwa baada ya ulimwengu kutangazwa huru na ndui mwaka 1980; kwa hiyo bibi mwenye kovu la chanjo ile begani huenda bado ana kinga kiasi, ijapokuwa hupungua kwa miaka. Iwapo ana afya njema, heri auguze yeye kuliko mkazamwana mwenye mimba, naye afunike mdomo na pua na kunawa kwa sabuni kila amgusapo mgonjwa. (Na wazee wenzetu wanaozunguka mtungi mmoja wa pombe ya mtama kwa mirija, wamwombe radhi mwenye vidonda mdomoni, asubiri mpaka apone.)

Lawama haimfai mwananchi asiye na blanketi la pili. Wahudumu wa afya wa vilimani hufundisha, nao husikilizwa. Lakini somo lisilofuatwa na sabuni huishia mlangoni. Mgonjwa anaporudishwa nyumbani kutoka kituo cha afya, na aulizwe: mnalala wangapi chumba kimoja, na nani atakuhudumia? Jibu liandikwe kando ya jina lake, na blanketi na sabuni vitoke siku hiyo hiyo.