Ekzosi za Kelele Mbeya: Mlio wa Gari, Sega Lililong'olewa na Haki ya Jirani



Wazee wa Unguja na Pemba wenye watoto wanaosoma katika vyuo vya Mbeya wametuuliza swali moja kwa maneno mbali mbali: kijana ana gari yake, anaomba pesa abadilishe ekzosi ili gari itoe mlio kama wa mashindano. Je, kumpa pesa hizo inafaa? Mzee mmoja ameongeza kuwa mwanawe ameambiwa na fundi kwamba akifanya hivyo gari itapata nguvu ya kupanda milima. Swali hili haliishi kwa neno moja la halali au haramu, kwa sababu ndani ya bomba hilo la moshi mna vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina hukumu yake.

Tuanze na hiyo nguvu ya kupanda milima, maana ndiyo hoja inayowashinda wazee wengi. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya kwetu, na injini ya kawaida, isiyosukumiwa hewa na tabo, hupoteza karibu sehemu moja katika sita ya nguvu zake. Kwa hiyo kijana aliyezoea kuendesha baina ya Mjini na Nungwi akifika kule huiona gari nzito, na wala hasemi uongo. Lakini upungufu uko katika hewa inayoingia kwenye injini. Moshi unaotoka hauna kosa. Fundi anayesema "tuifungue ipumue" anatibu mguu kwa maradhi ya kichwa. Bomba pana zaidi huenda likaongeza nguvu kidogo, na mara nyingi dereva hata hawezi kuuhisi ukuaji huo. Kinachoongezeka kwa yakini ni kelele, na kijana akisikia kelele hudhani gari imekuwa na kasi.

Sasa tutazame ndani ya bomba. Moshi ukitoka kwenye injini hupita kwanza katika kile ambacho mafundi wetu wanakiita sega, kwa kuwa kina matundu madogo madogo kama sega la nyuki. Matundu hayo yamepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kuigeuza sumu iliyomo katika moshi, ikiwemo kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua mtu akiwa amelala. Baada ya sega ndipo moshi hufika kwenye sailensa, ambayo kazi yake ni kupunguza sauti. Sega linasafisha, sailensa inanyamazisha. Ule mngurumo wa Subaru ambao vijana wanaupenda sana asili yake ni injini yenye silinda zilizolazwa ubavu na mabomba yasiyolingana urefu. Gari hizo zilitoka kiwandani Japani na mngurumo wao, na sega likiwa mahali pake. Kijana anayetaka sauti nzito anaweza kupata sailensa nyengine iliyotengenezwa vizuri bila ya kung'oa chochote kinacholinda pumzi za watu.

Basi kwa nini sega linang'olewa? Hapa ndipo pana jambo ambalo wazee wengi hawalijui. Yale madini ni ghali mno. Mwaka 2021 bei ya rodiamu katika soko la dunia ilipita dola 20,000 kwa wakia moja, mara nyingi zaidi ya bei ya dhahabu. Ndiyo maana wapo wanunuzi wa masega makuukuu, na gereji inayong'oa sega inajua pa kulipeleka. Mwenye gari analipa ufundi, anaondoka na bomba tupu lenye makelele, na kile kitu cha thamani kinabaki gereji kikisubiri mnunuzi. Hatusemi mafundi wote wako hivyo. Wengi ni watu wa amana na wanakula jasho lao. Tunasema tu kwamba fundi anayekushauri uondoe kitu ambacho yeye atakiuza, nasaha yake ina mkono wa pili. Na akikitoa bila ya kukwambia, au akakwambia ni takataka hali ya kuwa anajua bei yake, huo ni wizi na khiyana, na thamani yake ni deni juu yake.

Turudi kwenye sauti. Mbeya imekaa bondeni, milima ya Loleza upande mmoja na safu ya Poroto upande mwengine, na barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia inaukata mji huo katikati kupitia Uyole, Mwanjelwa na Iyunga hadi Mbalizi. Malori hayalali. Juu ya hayo ukaongeza kijana anayekanyaga mafuta saa nane za usiku, na kumbuka kuna kina mama waliojifungua katika wodi ya wazazi Meta, kuna wagonjwa, kuna watoto wachanga majumbani. Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilishauri mwaka 2018 kuwa wastani wa kelele za barabarani usiku usizidi desibeli 45, kwa sababu ya madhara kwa usingizi wa watu. Na desibeli hazihesabiki kama kilo za mchele: zikiongezeka kumi, nishati ya sauti inakuwa mara kumi.

Sheria ipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, mbali na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Ugumu, kwa maoni yetu, ni kwamba baa ikipiga muziki mkaguzi anaikuta pale pale kesho yake, lakini gari ikipita imeshapita. Imarati wameliweza hili kwa adhabu nzito: gari ya makelele ni faini ya dirhamu 2,000 na alama 12 katika leseni. Jamaa zetu walioko Dubai wanalijua hilo vizuri, na hatujasikia mmoja wao akidai kuwa amedhulumiwa. (Na sisi wenye vipaza sauti vya misikiti tusidhani kanuni za kelele zimeandikwa kwa ajili ya wengine tu.)

Ama hukumu. Asili ya kuitengeneza gari na kuipamba ni ruhusa, na kupenda mlio mzuri si dhambi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye mali huitumia mali yake kwa mujibu wa ada. Akivuka ada akadhuru, anawajibika. Na njia ya umma ni haki ya wote, hupitwa kwa sharti ya kusalimika wengine. Mtume, rehma na amani zimshukie, alihesabu kujizuia na kuwaudhi watu katika haki za njia, na akakataza kumtia khofu Muislamu. Kwa hivyo kubadilisha sailensa kwa nyengine isiyowaudhi watu wala kuvunja sheria, hakuna ubaya. Kuitoa kabisa ili watu wazinduke usingizini, haifai. Kung'oa sega hakufai hata kama gari itakuwa kimya, kwa sababu sumu haina mlio. Na gari iliyong'olewa sega ikiuzwa, lazima mnunuzi aambiwe, la sivyo ni ghushi. Wallahu aalam.

Kwa mzee anayeombwa pesa: mtake kijana aandikishe gereji ni kitu gani kitatolewa na kipi kitawekwa, na chochote kitakachotolewa kirudishwe mkononi mwake. Ikiwa kazi imeshafanyika, taa ya injini kwenye dashibodi inayowaka bila ya kuzimika ni dalili moja ya kutazamwa, ingawa huwaka kwa sababu nyengine pia. Gari ipelekwe kwa fundi mwengine iinuliwe, aliangalie sega kwa macho. Na gari hiyo ikirejeshwa Unguja, ijulikane kuwa mazingira si jambo la Muungano: huku mwenye mamlaka ni ZEMA, na malalamiko ya jirani yapelekwe kwao.