Fulana Kubwa Isimweke Mtoto Nyumbani



Siku moja nilikuwa nikipitia daftari la watoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza, nikaona jina la msichana mmoja lina alama tatu mfululizo. Jumamosi tatu hakuja. Nilidhani ni mgonjwa, nikamwuliza mama yake. Mama akainama, akajibu: "Karani, mtoto ni mzima, ila aona haya. Nguo yake ya zamani imembana. Fulana niliyomnunulia mnadani yamfika magotini, na shingo yamteleza begani. Wenzake wamwita gunia." Akasema amekwisha kufikiri kumwuza kuku wake atagaye ili apate fedha za nguo nyingine.

Nikamwambia: Mama, usimwuze kuku. Kaazime kwa jirani fulana ya mtoto wa kimo chake, ulete na hiyo kubwa. Basi yale tuliyoyafanya nawaeleza hapa, maana najua nyumba nyingi zina shida hiyo hiyo. Fulana za mitumba za watu wazima wenye miili mikubwa ni nyingi mnadani, nazo mara nyingi ni imara.

Kwanza, ifueni fulana na kuianika mpaka ikauke kabisa, kwa sababu pamba huweza kurudi majini. Kisha someni maandishi ya kifuani. Kama ni ya lugha ngeni, mwulizeni anayeijua. Mengine hayafai kuingia nayo kanisani, wala kuvaliwa na mtoto.

Pili, kunjeni kila fulana katikati kwa urefu, bega juu ya bega. Ilazeni ile ndogo juu ya kubwa, pindo la chini kwa pindo la chini. Hivyo pindo la kiwandani labaki, nanyi hamna kazi ya kupinda tena. Chora kandokando kwa kipande cha sabuni kavu, ukiacha sentimita 1 na nusu ya mshono mabegani, kwapani na ubavuni. Kwa mtoto anayekua, acha sentimita 3 ubavuni, ili mwakani ufumue na kupanua. Shingo ya nyuma iwe juu kuliko ya mbele. Mikono pimeni vivyo hivyo, pindo kwa pindo.

Hapo msikimbilie mkasi. Haraka haraka haina baraka. Mimi fulana yangu ya kwanza niliikata sawasawa na mstari wa kipimo, nikasahau nafasi ya mshono. Ilipokwisha kushonwa haikupita mabegani, ikawa kitambaa cha kufutia meza.

Tatu, shoneni kwa utaratibu huu: mabega kwanza, kisha mikono, nguo ikiwa bado wazi ubavuni, mwisho mshono mmoja toka ncha ya mkono, kupita kwapani, mpaka chini. Kitambaa cha fulana huvutika, kwa hiyo uzi ulioshonwa moja kwa moja hukatika mtoto anapovaa. Mwenye cherehani yenye mshono wa kwenda upande huu na upande huu autumie, na sindano iwe ya ncha butu kidogo, isitoboe nyuzi. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, akirudisha sindano nyuma kila hatua. Msikivute kitambaa mnaposhona, kisije kikawa na mawimbi.

Nne, ni shingo. Kateni ule ukanda wa shingo ya zamani, kama bado una nguvu ya kurudi ukivutwa. Ukanda uwe mfupi kuliko tundu. Tundu likiwa sentimita 40, ukanda uwe 34, pamoja na 2 za kuungia. Uungeni uwe duara, jaribuni kama wapita kichwani, kisha ushoneni mkiuvuta kidogo kidogo mpaka ulingane na tundu.

Mabaki msitupe. Kitambaa hiki hakichambuki nyuzi, basi vipande vyafaa kuwa vitambaa vya kufutia vyombo au vya kufungia nywele.

Yule mama na mimi tulimaliza kazi alasiri moja, kwa sindano ya mkono tu. Jumamosi iliyofuata jina la binti yake halikupata alama, na kuku angali akitaga.

Lakini neno moja nawaambia wazazi wote. Mkasi hupunguza fulana, haupunguzi ulimi. Waonyeni watoto wenu wasimcheke mwenzao kwa nguo yake. Kumbukeni Tabita wa Yafa, ambaye habari zake zimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 9. Alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Nanyi mnaojua kushona, mtazameni jirani asiyejua.